Kambamiti wanakufa bwawani: soma dalili kabla ya kuilaumu mbegu

Bwawa linaloanza kuugua hujionyesha kwanza kwenye sinia la kulishia. Jana ulilinyanyua baada ya saa mbili ukalikuta tupu. Leo chakula kimelala palepale, kimevimba na kulainika, na kamba wawili watatu waliopanda humo hawaruki ukilitikisa. Mizoga huja baadaye, na utakayoihesabu ni michache kuliko iliyopo, kwa sababu kamba aliyekufa huzama na wenzake humla. Kulana huko ndiko kunakosambaza virusi bwawani upesi kuliko maji yenyewe.

Hapa tutaanzia kwenye kinachoonekana kwa macho na kurudi nyuma hadi kwenye chanzo. Nitakaa sana kwenye madoa meupe, maana ndiyo yanayofilisi wafugaji wengi zaidi, na kwenye mbegu, yaani vifaranga wa kupanda bwawani, maana huko ndiko neno moja likieleweka vibaya linagharimu msimu mzima.

Wamekufa wengi kwa usiku mmoja

Mara nyingi hapa kirusi hakina kesi. Kirusi huua kwa kupanda ngazi: leo kumi, kesho mia, keshokutwa huwezi tena kuhesabu. Vifo vya mkupuo mmoja alfajiri, wakubwa wakitangulia na waliobaki wakielea juu kutafuta hewa, ni upungufu wa oksijeni. Pima saa kumi na moja alfajiri. Ukipima adhuhuri, mwani umeshajaza maji oksijeni na kipimo kitakupotosha. Ukikuta chini ya miligramu 3 kwa lita, anza na hilo kabla ya kuwaza ugonjwa.

Mizoga ikirundikana pale tope jeusi linapokusanyika, na tope hilo linanuka mayai viza, fikiria gesi ya salfa. Watazame pia samaki walioingia bwawani bila kualikwa. Oksijeni ikipungua, nao hutweta. Lakini samaki wakiwa wazima huku kamba na kaa wanakufa, shuku virusi, au dawa ya wadudu iliyotiririka kutoka mashambani. Kamba na mdudu ni wa jamii inayokaribiana, na sumu iliyotengenezwa kwa ajili ya mdudu humuua kamba kwa kiasi ambacho samaki hakihisi kabisa.

Wanakufa ndani ya siku 35 za kwanza, matumbo matupu

Mfungue kamba kichwani utazame ile tezi kubwa ya mmeng'enyo, hepatopankreasi. Kwa mzima ni nono, ya kahawia iliyokoza. Ikiwa imesinyaa na kupauka mpaka karibu nyeupe, na utumbo hauna kitu, mshukiwa wa kwanza ni bakteria wa aina ya Vibrio wanaobeba sumu inayobomoa tezi hiyo. Ugonjwa huo ulianza kuonekana China mwaka 2009, na watu wengi waliudhania kuwa kirusi kipya hadi mwaka 2013, Donald Lightner na wenzake wa Chuo Kikuu cha Arizona walipoonyesha kuwa ni bakteria. Nautaja hapa kwa sababu moja: mbegu sugu kwa virusi haitakusaidia kitu dhidi yake.

Madoa meupe kwenye gamba

Mchukue kamba anayetapatapa, usichukue mzoga. Ng'oa gamba la kichwani kwa kidole gumba, lipanguse upande wa ndani kwa kitambaa mpaka utando uliogandamana utoke, kisha liinue kuelekea kwenye mwanga. Madoa ya ugonjwa huu yamo ndani ya gamba lenyewe. Ni ya mviringo, upana wake ni nusu milimita hadi milimita 3, na hayatoki hata ukiyakwaruza kwa ukucha.

Hata hivyo usitangaze hukumu. Kuna bakteria wanaoacha madoa yanayofanana na hayo, na maji yenye alkali nyingi huweza kuyaleta pia. Tofauti iko kwenye mwenendo: kamba wenye madoa ya namna hiyo huendelea kula, na wakijivua gamba hutoka safi. Kinyume chake nacho ni kweli, na ndicho kinachowaponyoka watu: kambamiti mweupe (hilo ni jina la spishi, vannamei, si rangi ya ugonjwa) anaweza kufa kwa kirusi cha madoa meupe bila kuwa na doa hata moja, mwili ukiwa na wekundu tu. Ushahidi mzito ni mambo yakija pamoja. Wanaacha kula ghafla, wanakusanyika kandokando ya bwawa mchana kweupe, miili inakuwa myekundu, na ndani ya siku 3 hadi 10 vifo vinafika asilimia 80 hadi 100.

Kwenye karatasi ya maabara utakiona kimeandikwa WSSV. Kilianza kuvuma Asia Mashariki mwanzoni mwa miaka ya 1990, kikafika Ekuado mwaka 1999, Msumbiji na Madagaska mwaka 2011 na 2012, na mwaka 2016 kikaingia kwenye mashamba ya kando ya Mto Logan huko Queensland, Australia. Karibu kila mahali watu waliamini kwamba bahari yao iko mbali mno.

Sasa, kimeingiaje kwako? Pitia milango hii bila kuruka hata mmoja. Mbegu iliyotoka kwa wazazi walioambukizwa. Maji yaliyovutwa bila kuchujwa kwa chujio laini, yakaja na vijikamba vya mwituni na viluwiluwi vya kaa. Kaa wakubwa wanaotembea usiku kutoka bwawa hadi bwawa, ambao hubeba kirusi bila kufa. Minyoo ya bahari au kamba wabichi wanaolishwa wazazi kwenye kituo cha vifaranga. Kugandisha kwenye barafu hakukiui kirusi hiki. Kimia cha kuazima. Ndege anayeokota kamba mgonjwa bwawa hili na kumdondosha bwawa la pili.

Halafu jiulize swali la pili, ambalo wengi hulisahau: kwa nini sasa? Kamba anaweza kubeba kirusi kidogo kwa wiki kadhaa bila kuonyesha dalili. Kisha inanyesha mvua siku tatu, maji yanapoa, chumvi inashuka, kamba wengi wanajivua gamba kwa pamoja, na kirusi kinalipuka. Joto ndilo linaloamua hapa: maji yakiwa nyuzi 32 au 33 za Selsiasi, kirusi huzaliana kwa shida na vifo hupungua sana, lakini yakishuka chini ya 30 kinapata nafasi. Ndiyo maana mfugaji huapa kwamba ugonjwa umeletwa na mvua. Mvua iliwasha tu moto ambao kuni zake zilikuwa tayari bwawani. Tofauti hiyo ina uzito, kwa sababu atakayelaumu mvua hatatafuta mlango uliokiingiza kirusi.

Nini kifanyike? Funga lango la maji saa hiyohiyo. Usibadilishe maji, usimwage, usihamishe hata ndoo moja kwenda bwawa lingine. Kamba wakiwa wameshafikia ukubwa wa kuuzwa, wavue kwa nyavu maji yakiwa yamefungwa, na maji ya kuoshea yarudi humo humo. Nyama haina madhara kwa mtu, kirusi hiki hakimwambukizi binadamu, lakini maganda na vichwa vibichi visitupwe mtoni wala visiuzwe kuwa chambo. Wakiwa wadogo mno, tia klorini ya kuua kila kilicho hai humo. Kiwango kinachotumika sana ni miligramu 30 kwa lita. Maji yakae yamefungwa kwa siku kadhaa hadi klorini iishe kabla ya tone kutoka. Mizoga ifukiwe kwa chokaa au ichomwe.

Antibiotiki haifanyi lolote kwa kirusi. Pesa yake afadhali uinunulie klorini.

Na mpigie simu jirani anayevuta maji kwenye mkondo uleule. Najua inauma. Aliyepata hasara hataki kujulikana, na anaogopa bei ya kamba aliookoa itashuka. Lakini mfugaji anayefungua lango usiku kimyakimya anaupeleka ugonjwa kwenye mabwawa ya watu, na mkondo huohuo utamrudishia msimu ujao. Toa taarifa pia kwa mamlaka ya uvuvi au mifugo, kwani ugonjwa huu umo kwenye orodha ya Shirika la Afya ya Wanyama Duniani ya magonjwa yanayopaswa kuripotiwa.

Mkia mwekundu na gamba laini, au makovu meusi

Hizi ni sura mbili za ugonjwa mmoja, Taura. Katika hatua kali kamba hufa akiwa anajivua gamba: mwili laini, utumbo mtupu, pezi la mkia jekundu kiasi kwamba watu waliuita ugonjwa wa mkia mwekundu. Lilenge pezi hilo kwa kioo cha kukuzia, na kingo zake utaziona zimeoza. Wanaovuka hatua hiyo hubaki na makovu meusi yasiyo na umbo maalumu, yametapakaa ganda zima. Wakijivua tena, makovu huondoka na kamba anaonekana mzima, ila bado anabeba kirusi mwilini. Huyo ndiye wa kumwogopa ukiwa unatafuta wazazi.

Ulitambuliwa mwaka 1992 karibu na Mto Taura nchini Ekuado, na kwa muda mrefu lawama ziliangukia dawa za ukungu zilizonyunyizwa kwenye mashamba ya migomba ya jirani. Hoja ilikuwa na mantiki, lakini wakati watu wakibishana kuhusu migomba, vifaranga na wazazi wenye kirusi viliendelea kusafirishwa nchi hadi nchi. Kinyesi cha shakwe aliyekula kamba wagonjwa pia huweza kuambukiza, kwa hiyo nyavu za juu ya bwawa si mapambo.

Nyama inakuwa nyeupe kama imepikwa

Kamba mwenye afya anapitisha mwanga. Nyama ikianza kuwa nyeupe kutoka pingili za mwisho karibu na mkia, na baadaye mkia ukawa mwekundu kana kwamba umechemshwa, shuku IMNV, kirusi kilichotokea Brazili mwaka 2002 na kikaonekana Indonesia mwaka 2006. Hiki huua polepole, kwa wiki, na jumla ya vifo huweza kufika asilimia 40 hadi 70. Dalili inayonisaidia zaidi ni tumbo: wengi hufa likiwa limejaa, kwa kuwa walikuwa wanakula vizuri mpaka walipopatwa na msukosuko.

Usimchanganye kamba mwenye kirusi hiki na aliyekakamaa misuli. Ukirusha kimia mchana wa jua kali, kamba wengi watajikunja na kuwa weupe hapo hapo mkononi. Waweke kwenye ndoo yenye maji yanayopulizwa hewa. Kama weupe unatoweka, ulikuwa mshtuko. Kama unabaki na kesho yake unawaona wengine bwawani ambao hukuwagusa, peleka sampuli.

Wanakula kupita kiasi, kisha wanaacha kabisa

Siku chache za ulafi usio wa kawaida, halafu ghafla hakuna anayekula, kamba wanazurura juu ya maji kingoni, na kichwa kimekuwa cha njano kwa sababu ya tezi iliyopauka ndani. Hicho ni kirusi cha kichwa cha njano, kilichojulikana Thailand mwanzoni mwa miaka ya 1990. Kinaweza kumaliza bwawa kwa siku 3 hadi 5. Hatua ni zilezile za madoa meupe.

Kwa wanaofuga kamba wa maji baridi, pembetatu nyeupe chini ya gamba kwenye shina la mwiba wa kichwani huashiria DIV1, kirusi kilichogunduliwa China katika sampuli za mwaka 2014. Hicho nacho huwapata kambamiti weupe.

Hawafi, ila wamedumaa

Vua kamba mia, uwapange kwa urefu. Kutofautiana kidogo ni kawaida. Ukikuta wa gramu 5 na wa gramu 15 waliopandwa siku moja, mwiba wa kichwani umepinda kando na papasi zimejikunja, hiyo ni sura ya kirusi cha IHHNV kwa kambamiti mweupe. Kama maumbile ni sawa lakini ukuaji umesimama, na kuna nyuzi nyeupe za kinyesi zinaelea upande ambako upepo unaelekea, fikiria EHP, kimelea kidogo mno cha jamii ya kuvu kinachoishi kwenye tezi ya mmeng'enyo. Chakula cha ziada hakitatibu lolote kati ya haya mawili, kitaongeza tope tu.

Sampuli inayojibu swali

Macho ya kamba yana kitu kinachozuia PCR, kipimo cha maabara kinachotafuta jeni za kimelea, kwa hiyo usitume macho. Kwa madoa meupe tuma matamvua na miguu ya kuogelea. Kwa IMNV, nyama ya mkia. Kwa EHP, tezi ya mmeng'enyo. Hifadhi kwenye ethanoli ya asilimia 95. Taura, kichwa cha njano na IMNV ni virusi vya RNA, ambayo huharibika upesi, kwa hiyo usiiache sampuli juani hata robo saa.

Vifaranga wanaoonekana wazima wanahitaji wingi. Ukipima 150 kutoka tangi moja, na walau 2 katika kila 100 wameambukizwa, una uhakika wa asilimia 95 kwamba mmoja wao yumo kwenye sampuli. Ukipima kumi tu, jibu la "hakuna" halina uzito wowote. Jibu la "ndiyo" nalo lina mtego wake: baadhi ya kambamiti wa milia wa Afrika na Australia wana vipande vya jeni za IHHNV vilivyoingia kwenye jeni zao wenyewe, na kipimo kisichochaguliwa vizuri huviita maambukizi.

"Nilinunua mbegu safi, mbona imekufa?"

Kwa sababu mbegu safi si mbegu sugu. Hapa ndipo msimu unapopotea.

Mbegu inayoandikwa SPF imetoka kwa wazazi waliofugwa kwenye karantini na kupimwa mara kwa mara, wakathibitika kutokuwa na vimelea fulani vilivyotajwa. Hiyo ni hali ya afya, kama shati lililofuliwa. Ikitoka nje ya kituo kile na kugusa maji yako, usafi wake unategemea maji yako. Hairithiwi. Mbegu inayoandikwa SPR ni ya ukoo uliochaguliwa kizazi hadi kizazi kwa ukinzani dhidi ya kirusi fulani. Hiyo imo kwenye damu na hurithiwa, lakini haisemi chochote kuhusu kama kifaranga huyu leo amebeba ugonjwa au la. Kuna mbegu safi isiyo sugu, kuna sugu isiyo safi. Unayoitaka ni yenye yote mawili. Muuzaji anayesema "hizi haziugui" hajakujibu: muulize safi dhidi ya nini, na sugu dhidi ya nini.

Kamba hana kingamwili kama zetu, kwa hiyo chanjo ya kawaida haijengi kumbukumbu mwilini mwake. Ndiyo sababu kazi ya kuchagua ukoo ina thamani kubwa hivi kwenye mnyama huyu.

"Nilinunua mbegu sugu, nayo imekufa"

Kwanza, angalia kirusi. Kulikuwa na ukoo wa kambamiti wa buluu ambao IHHNV haikuzaliana ndani yake hata alipodungwa. Ulipokutana na madoa meupe ulikufa kama wengine.

Pili, angalia aina ya kirusi. Mwaka 2001 huko Belize ilijitokeza aina ya Taura iliyokuwa kali kuliko ile ya Hawaii, ambayo koo nyingi zilikuwa zimechaguliwa dhidi yake, na ikawaangusha kamba walioaminika. Kirusi nacho kinajifunza.

Tatu, na hili ndilo la kawaida, vifaranga ni wajukuu wa mbegu sugu. Mtu alinunua vifaranga bora, akawalea bwawani hadi wakawa wakubwa, akawazalisha wenyewe kwa wenyewe. Jike mmoja hutaga mayai laki moja na zaidi, kwa hiyo wazazi wachache sana wanaweza kujaza mabwawa mengi. Vizazi viwili vya namna hiyo, ndugu kwa ndugu, na kilichobaki ni jina tu.

"Ni sugu kweli, lakini hawakui"

Malalamiko haya ni ya haki. Watafiti wa Oceanic Institute huko Hawaii walichapisha mwaka 2002 jaribio ambalo kizazi kimoja cha uteuzi kiliongeza uhai dhidi ya Taura kwa asilimia 18.4, lakini ukoo huo ulipungua ukuaji kwa asilimia 4.6. Dhidi ya madoa meupe kazi ni ngumu zaidi: sehemu ya ukinzani inayorithiwa imeonekana kuwa ndogo, nayo pia huvutana na ukuaji. Kwa hiyo kwenye mkondo wenye historia ya vifo ningechukua ukoo wa kustahimili, hata wakichelewa wiki mbili kufika sokoni. Kwenye mfumo uliofungwa, wenye maji yaliyotibiwa, ningechukua wanaokua haraka na pesa ningeiweka kwenye ulinzi wa maji. Kinachonitia uchungu kila mara ni kuona wakuaji haraka wamepandwa kwenye mabwawa yaliyo wazi.

"Nataka kuwachagua wazazi kutoka kwa waliookoka"

Ekuado walifanya karibu hivyo baada ya 1999. Walipunguza msongamano mabwawani, wakazalisha kutoka kwa walionusurika mwaka baada ya mwaka, na mwaka 2022 nchi hiyo ilisafirisha nje zaidi ya tani milioni moja za kamba. Lakini kazi ile ilifanyika kwa idadi kubwa sana ya wazazi na kwa miaka mingi ya hasara. Mwenye mabwawa matatu hana idadi hiyo. Zaidi ya hapo, aliyeokoka anaweza kuwa alikuwa tu kwenye kona ambayo kirusi hakikufika, au, vibaya zaidi, amekibeba na atawaambukiza watoto.

Njia salama ni kupima ndugu. Tengeneza familia nyingi, kila moja ya dume mmoja na jike mmoja, uzilee kando mpaka ziweze kuwekewa alama. Kila familia igawe mafungu mawili. Fungu moja liende kwenye jengo la mbali, lenye watu wake na maji yake yanayotibiwa kabla ya kutoka, likaambukizwe kirusi kwa kipimo kilekile kwa wote. Hesabu waliobaki katika kila familia. Fungu la pili halikukutana na kirusi kamwe. Limekaa karantini likiwa safi. Familia ambayo ndugu zao walistahimili jengo la mbali, ndiyo inayotoa wazazi. Walioambukizwa, hata walionusurika kishujaa, hawarudi kuzaa.

Kazi hii inahitaji daftari kuliko inavyohitaji mashine. Andika alama ya dume, alama ya jike, tarehe, familia walikotoka wote wawili na babu zao. Kabla ya kuwaweka dume na jike kwenye tangi moja, fuatilia safu hizo nyuma vizazi viwili. Jina moja likijitokeza pande zote mbili, mtoe dume huyo utafute mwingine.